Jina la Mume, Mkono wa Mke: Wanawake na Biashara katika Marekani ya Kale

Mwenye duka wa karne ya 18 katika mji wa bandari wa Marekani hakuwa na kitu alichokitunza kuliko daftari lake la madeni. Shehena zilizama baharini, noti zilipoteza thamani, wateja walihama. Daftari ndilo lililobaki kuwa ushahidi wa nani anadai na nani anadaiwa. Juu ya ukurasa aliandika jina la mteja, na jina hilo aghalabu lilikuwa la mwanamume. Chini yake zikafuata safu za vitu na bei zake: yadi kadhaa za kitani, nusu ratili ya chai, pini, sukari, viatu vya mtoto. Ukiitazama safu hiyo kwa makini utaona kwamba mara nyingi pameandikwa pia ni nani hasa aliyefika dukani: kachukua mkewe, kachukua binti yake, kachukua mtumwa wake wa kike. Jina lilikuwa la mume, na mkono uliopokea, uliopima na uliobishana bei ulikuwa wa mtu mwingine.

Kwa muda mrefu waandishi wa historia walitosheka na lile jina la juu. Wakaandika habari za biashara ya bahari ya Atlantiki kana kwamba ilikuwa shughuli ya wanaume watupu: manahodha, matajiri wa maghala, mawakili wa London. Mwanamke alipotajwa, alitajwa nyumbani, penye jiko na gurudumu la kusokotea nyuzi. Ellen Hartigan-O'Connor, profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha California tawi la Davis, alikwenda kuzisoma zile herufi za pembeni. Kitabu chake, The Ties That Buy, kilichapishwa mwaka 2009 na chapa ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, nacho kinahusu wanawake na biashara katika zama za mapinduzi ya Marekani. Ameichagua miji miwili, Newport ya kaskazini na Charleston ya kusini, akaifuatilia tangu katikati ya karne ya 18 hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 19. Hakuwatafuta mashujaa wachache wa kike ili awasifu. Alitafuta maisha ya kawaida: wafuaji, washonaji, wenye kupangisha vyumba, wajane, wake wa mabaharia, na wanawake waliokuwa watumwa. Hoja yake ni kwamba hao wote walikuwa ndani ya biashara, si pembezoni mwake, na kwamba kilichowaunganisha ni madeni.

Kabla ya kuingia katika miji hiyo, ni lazima tuielewe sheria iliyotawala. Makoloni yale yalirithi sheria ya Uingereza. Mwanamke ambaye hajaolewa, na mjane kadhalika, aliweza kumiliki mali, kufunga mkataba, kushitaki na kushitakiwa. Lakini siku alipofunga ndoa, nafsi yake ya kisheria iliingia ndani ya nafsi ya mumewe. Jina la kanuni hiyo limetokana na neno lenye maana ya kufunikwa: mke yuko chini ya kifuniko cha mume. William Blackstone, mwanasheria wa Oxford ambaye juzuu ya kwanza ya maelezo yake ya sheria ilitoka mwaka 1765, alilieleza jambo hilo bila kificho, kwamba mbele ya sheria mume na mke ni mtu mmoja. Na mtu huyo mmoja alikuwa mume.

Msomaji wa ukurasa huu, aliyelelewa akijua kwamba mahari ni ya mke na kwamba mali ya mke hubaki kuwa yake hata baada ya ndoa, itambidi asimame hapa kidogo na kuivaa sheria ya watu wengine. Fedha taslimu ambazo mwanamke wa Massachusetts aliingia nazo katika ndoa, vyombo vyake, ng'ombe wake, hata ujira wa kazi aliyoifanya kwa mikono yake akiwa ameolewa, vyote vilikuwa vya mume. Ardhi yake haikuweza kuuzwa bila ridhaa yake, lakini mapato ya ardhi hiyo aliyakusanya mume. Hakuweza kuandika wasia bila idhini ya mumewe. Mume akifa, mjane alipata haki ya kuitumia theluthi ya ardhi ya marehemu kwa muda wa uhai wake; hakuwa na haki ya kuiuza.

Ilikuwapo mianya. Pennsylvania mwaka 1718 ilitunga sheria kwa ajili ya wake wa mabaharia, ili mume akiwa safarini mke aweze kufanya biashara kwa jina lake mwenyewe. South Carolina nayo, kwa sheria ya mwaka 1744, ilimtambua mke anayefanya biashara ya peke yake, akaweza kudai na kudaiwa mahakamani kama asiyeolewa. Tusiharakishe kuwasifu watunga sheria hao kwa huruma. Mwenye kukopesha bidhaa alitaka awe na mtu wa kumshitaki. Mke asiyeshitakika alikuwa hatari kwa mdai.

Basi tuingie Newport. Ni mji wa kisiwani katika Rhode Island, wenye takriban watu 9,000 katika mwaka 1774, uliotajirika kwa kutengeneza ramu ya miwa na kwa kupeleka merikebu pwani ya Afrika Magharibi kununua watu. Wanaume wengi walikuwa baharini kwa miezi, wengine kwa miaka, na wengine hawakurudi. Charleston ilikuwa mji wa mchele na nili, na utajiri wake wote ulisimama juu ya migongo ya Waafrika waliotiwa utumwani. Miji hiyo miwili haikufanana kwa hali ya hewa wala kwa mazao. Ilifanana katika jambo hili: bandari inahitaji huduma. Baharia ashukapo anataka chakula, kitanda, nguo safi, na mtu wa kumwuguza akiwa na homa. Aliyempa hayo aghalabu ni mwanamke, na alimtoza.

Hartigan-O'Connor anapinga kwa nguvu picha tuliyoizoea ya nyumba ya kale yenye baba, mama na watoto. Nyumba za mijini, anasema, zilikuwa zimejaa watu wa kila namna. Chini palikuwa na duka. Chumba cha nyuma kakodi mjane anayeshona. Juu wanalala mabaharia wawili. Uani wapo watumwa, wa mwenye nyumba au waliokodishwa kutoka kwa mtu mwingine. Watu hao hawakuwa jamaa. Walifungamana kwa kodi, ujira, mkopo na amri. Mpangaji alilipa kodi kwa kushona, mwenye nyumba akamlipa dobi kwa chai, dobi akalipa deni la duka kwa kufua. Nadhani hii ndiyo sehemu yenye manufaa zaidi katika kitabu chake, kwa sababu inaufuta ule mpaka wa kubuni baina ya nyumbani na sokoni. Hapakuwa na mlango ambao mwanamke alitoka kwenda kwenye biashara. Biashara ilikuwa imelala humo humo ndani.

Sasa tuje kwenye madeni. Sarafu zilikuwa adimu, na biashara karibu yote ilikuwa mali kauli: chukua sasa, nitakuandika, utanilipa mavuno yakija au meli ikirudi. Aliyewahi kushika daftari la jumuiya yoyote anajua kwamba deni si hesabu tu, ni uhusiano. Anayekopeshwa ni anayeaminika, na uaminifu hujengwa kwa miaka. Mwanamke wa Newport ambaye mumewe yuko safarini alikopa kwa sifa za mumewe, lakini ni yeye aliyezilinda sifa hizo kila siku, kwa kulipa kidogo kidogo, kwa kumjulisha mwenye duka kwamba barua imefika, kwa kutokopa kupita kiasi. Naye mume aliporejea na hasara, sifa zake mbovu zikamfunga mke. Mjane ndiye aliyeionja hali hiyo kwa uchungu zaidi. Mara nyingi aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi ya mumewe, na kwa hiyo alianza eda yake ya huzuni kwa kubishiwa hodi na wadai. Ikiwa madeni yamezidi mali, vyombo vya nyumbani viliorodheshwa na kunadiwa, vijiko na vitanda, mbele ya majirani.

Mtafiti mwingine, Sara Damiano, katika kitabu chake cha mwaka 2021, amepekua majalada ya mahakama za Boston na Newport hiyo hiyo, naye akakuta wanawake wengi katika kesi za madeni: wakidai, wakidaiwa, na wakitoa ushahidi. Mke alijua deni lilipoandikwa, nani alikuwapo, nini kilisemwa, stakabadhi imewekwa wapi. Mahakama iliyomkatalia nafsi ya kisheria ilimwita ije imsikilize. Sheria ilisema hayupo, na bila yeye kesi haikuamuliwa.

Ugumu ulizidishwa na fedha zenyewe. Kila koloni lilikuwa na pauni na shilingi zake, tofauti na za Uingereza na tofauti na za jirani. Sarafu iliyopatikana kwa wingi ilikuwa dola ya fedha ya Kihispania, jamaa wa ile reale ambayo babu zetu wa pwani waliitumia. Dola hiyo moja ilihesabiwa shilingi 6 katika makoloni ya New England, shilingi 7 na peni 6 Philadelphia, na shilingi 8 New York. South Carolina, pauni 7 za huko zilikuwa sawa na pauni 1 ya Uingereza. Rhode Island ilichapa noti nyingi hata zikaporomoka, na Bunge la Uingereza likapitisha sheria mwaka 1751 ya kuyadhibiti makoloni ya New England katika uchapaji huo. Mwanamke aliyeuza mayai, akapokea noti ya Rhode Island, akadaiwa kwa hesabu ya dola na akapaswa kulipia utepe uliotoka London, alikuwa akifasiri lugha tatu za fedha kichwani. Wasichana wengi walifundishwa kusoma na kushona, si hesabu. Walijifunza kwa kuumia.

Kununua nako kulikuwa kazi, na kazi hiyo haikufanywa na mtu mmoja kwa ajili ya nafsi yake. Aliyeishi shamba alimwandikia shangazi aliye mjini amchagulie kitambaa. Bibi alimtuma mtumwa. Jirani alimwagiza jirani. Aliyetumwa alibeba dhamana: ajue kitani kizuri kwa kukigusa, ajue bei ya wiki iliyopita, asidanganywe rangi itakayochuja. Tumezoea kumcheka mwanamke kwa kupenda maduka. Kumbe aliyetumwa na watu watano, mwenye oda tano na bajeti tano kichwani, ni karani wa manunuzi asiyelipwa mshahara.

Msomaji atauliza: je, hakuwapo aliyepata utajiri kwa jina lake? Walikuwapo, na aliyeandikiwa habari zake vizuri kuliko wengi ni Elizabeth Murray. Patricia Cleary alichapisha historia ya maisha yake mwaka 2000. Murray alizaliwa Scotland mwaka 1726, akafungua duka Boston mwaka 1749, angali kijana na hajaolewa. Aliuza vitambaa, tepe, kofia na mapambo kutoka London, bidhaa alizoletewa kwa mkopo, na akatangaza magazetini kwamba anafundisha pia ushonaji. Mwaka 1755 akaolewa na Thomas Campbell. Ndoa hiyo ilifungwa kwa sheria ya kawaida, mali yake ikaingia mkononi mwa mume, na baada ya miaka michache mume akafariki.

Alipoposwa tena mwaka 1760 na James Smith, mzee tajiri mwenye kiwanda cha kusafisha sukari, hakukubali kuingia kwa mlango ule ule. Ukaandikwa mkataba kabla ya ndoa uliomwachia mamlaka juu ya mali yake na haki ya kuigawa kwa wasia. Smith akafariki mwaka 1769, akimwacha mjane miongoni mwa matajiri wa Massachusetts. Mwaka huo huo mchoraji John Singleton Copley akamchora, na picha hiyo leo imo katika jumba la makumbusho ya sanaa la Boston. Mwaka 1771 akaolewa na Ralph Inman, na mara hii pia mkataba ulitangulia. Ndoa tatu, na kati ya ya kwanza na ya pili mwanamke huyu alijifunza jambo ambalo hakufundishwa na mwalimu yeyote. Aliwasaidia wasichana wengine waanze maduka, akiwapa mtaji wa bidhaa, na akahimiza jamaa zake wa kike wajifunze kuweka hesabu.

Miongoni mwa aliowasaidia ni dada wawili yatima wa ukoo wa Cuming. Duka lao dogo lilipata mtihani mwaka 1769. Wafanyabiashara wa Boston walikuwa wamekubaliana kususia bidhaa za Uingereza kwa kupinga kodi, na kamati ikapita dukani kwa dukani. Dada hao wakajibu kwamba hawakuweka saini makubaliano hayo, na kwamba biashara yao ni ndogo, ya kuwapatia riziki tu. Kamati haikuridhika, majina yao yakachapishwa gazetini kama maadui wa nchi. Elizabeth Cuming akamwandikia Murray kumweleza, na la kushangaza ni kwamba tangazo lile liliwaongezea wateja, kwa kuwa rafiki zao walikuja kununua makusudi. Kisa hiki kidogo kinastahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba siasa ya kususia ni jambo jepesi. Tajiri mwenye ghala aliweza kusubiri mwaka mzima. Duka la dada wawili halikuweza kusubiri mwezi.

Susio hilo liligeuza pia kazi ya nyumbani kuwa siasa. Wanawake wa miji kadhaa ya New England walikusanyika hadharani kusokota nyuzi, ili nchi ivae nguo zake. Na hapa nifungue mlango mmoja wa pembeni, kisha niufunge. Miongo michache baadaye usokotaji ulihamia viwandani, na kuanzia mwaka 1823 wasichana wa mashambani walimiminika katika viwanda vya pamba vya Lowell, Massachusetts, wakilipwa mshahara wa fedha taslimu; mwaka 1834 waligoma walipopunguziwa. Kitambaa kizito kisichotiwa rangi kutoka viwanda vya jimbo hilo kilipakiwa na wafanyabiashara wa Salem, nao, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, walikileta Unguja wakarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Ndicho hicho bibi zetu walichokiita marikani.

Turudi Charleston, kwa sababu huko ndiko maelezo yote haya yanapotiwa kwenye mizani. Aliyeingia katika soko la mji huo kabla ya mapinduzi aliwakuta wauzaji wengi ni wanawake weusi, na wengi wao ni watumwa. Waliuza mboga, matunda, kuku, mayai, keki na karanga. Wengine waliuza kwa niaba ya mabwana zao. Wengine walikuwa na mapatano: kila wiki nitakuletea kiasi hiki, kitakachozidi ni changu. Baada ya uasi wa Stono wa mwaka 1739, sheria kali ya mwaka 1740 iliweka mipaka juu ya biashara ya watumwa na kutaka kibali cha bwana. Wanawake wale waliendelea. Walikutana na wakulima njiani kabla hawajafika mjini, wakanunua jumla, wakauza rejareja kwa bei waliyoipanga. Wazungu wakalalamika magazetini kwamba watumwa wanalangua chakula, kwamba ni wajeuri, kwamba mama wa nyumba hana budi kulipa anachotajiwa. Malalamiko hayo ndiyo ushahidi wetu mkubwa wa ustadi wao.

Lakini ustadi huo ulikuwa wa nani? Kwa sheria, kila peni iliyomo katika kitambaa alichokifunga kiunoni ilikuwa mali ya bwana wake, kama yeye mwenyewe alivyokuwa mali, na watoto wake pia. Mapatano yale ya wiki hayakuandikwa popote ambapo hakimu angeyatambua. Bwana akifa na deni, muuza mboga hodari aliingia katika orodha ya mali, na ustadi wake ukampandisha bei. Mke wa kizungu alifunikwa na mumewe, huyu aliuzwa.

Wala haifai tuisahau upande wa pili. Wanawake huru walitajirika kwa utumwa huo. Eliza Lucas, binti wa ofisa wa Kiingereza, alikabidhiwa mashamba ya babake huko South Carolina mwaka 1739 akiwa na umri wa miaka 16, na majaribio yake ya kilimo cha nili yakafanikiwa kufikia mwaka 1744, hata zao hilo likawa nguzo ya uchumi wa koloni. Wanafunzi wa Marekani humsoma kama mfano wa akili na bidii, na kweli alikuwa na vyote viwili. Waliolima, waliovuna na waliosimama juu ya mapipa ya nili yanayonuka walikuwa watumwa. Mjane wa Newport asiye na kitu ila mtumwa mmoja wa kike alimkodisha mtumwa huyo kwa ufuaji na akala kwa jasho lake. Katika hili Hartigan-O'Connor hapambi maneno, nami nadhani ndipo kitabu chake kinapowapita wengi waliotangulia, ambao waliandika kuhusu wanawake na biashara kana kwamba wanawake wote walikuwa upande mmoja wa kaunta.

Vita vya uhuru vilipoanza, bei zilipanda na noti za serikali mpya zikashuka. Mwezi Julai 1777 Abigail Adams, mke wa John Adams aliyekuja kuwa rais wa pili, alimwandikia mumewe habari iliyotokea Boston. Tajiri mmoja bakhili, Thomas Boylston, jamaa wa akina Adams, alikuwa ameficha kahawa ghalani na kukataa kuiuza kwa bei ndogo. Wanawake mia moja au zaidi wakamwendea na mkokoteni. Alipokataa kutoa funguo, mmoja wao akamkamata shingoni na kumtupa mkokotenini, akazitoa. Wakafungua ghala, wakaitoa kahawa wenyewe, wakaondoka nayo. Wanaume wengi, anasema Abigail, walisimama wakitazama kwa mshangao, kimya.

Uhuru ulipopatikana, wanawake hawakupata kifuniko chepesi zaidi. Mary Katherine Goddard wa Baltimore, mchapaji ambaye mwezi Januari 1777 alichapa Tangazo la Uhuru pamoja na majina ya waliolitia saini, akaweka na jina lake chini, alikuwa mkuu wa posta ya mji huo tangu mwaka 1775. Mwaka 1789 aliondolewa, kwa sababu iliyodaiwa kwamba kazi hiyo ilihitaji safari nyingi ambazo mwanamke hawezi. Zaidi ya wakazi 200 waliandika ombi arudishwe. Hakurudishwa.

Abigail Adams mwenyewe, aliyetuhadithia kisa cha kahawa, alikuwa mfanyabiashara kuliko wengi walivyojua. Mwanahistoria Woody Holton, katika kitabu cha mwaka 2009, ameonyesha jinsi alivyomwomba mumewe, alipokuwa balozi Ulaya, amletee vitu vidogo vidogo vya kuuza badala ya fedha, na jinsi faida yake alivyoiweka katika hatifungani za serikali. John alipenda ardhi. Mkewe aliona karatasi zinalipa zaidi, akazinunua, na sehemu ya mapato akaihesabu kuwa yake, ingawa sheria haikujua kitu kama hicho.

Mwezi Januari 1816, akiwa mgonjwa na mumewe yu hai, aliketi akaandika wasia. Aligawa fedha, nguo na vito, karibu vyote kwa wanawake: wajukuu, wapwa, wakwe, watumishi. Wanawe wa kiume walikuwapo na hawakuwa kiini cha mgawo huo. Kwa sheria ya Massachusetts karatasi ile haikuwa na nguvu yoyote, kwa kuwa hakuna alichokimiliki cha kukigawa. Abigail akafariki mwezi Oktoba 1818. John Adams, mwanasheria aliyeijua kanuni ya kufunikwa kuliko watu wengi wa nchi yake, aliusoma wasia huo, na mali ikagawanywa kama mkewe alivyoandika.